Kwenye karatasi, fundi huyu hayupo

Saa tatu asubuhi, katika karakana moja ya Midrand, Afrika Kusini. Méthode Nduwayo ameinamia injini ya gari dogo la Kifaransa, sikio karibu na mfuniko, mkono kwenye nyaya za koili, vifaa vinavyozipa plagi umeme. Injini inatetemeka kama mtu mwenye homa. Mafundi husema inamisi: silinda moja kati ya nne haichomi mafuta.

Anachomoa waya wa silinda iliyo upande wa mkanda. Injini inalegea zaidi, nusura izime. "Hii ilikuwa nzima," anasema, anaurudisha. Wa pili na wa tatu, mambo ni yale yale. Anachomoa wa mwisho, upande wa giaboksi. Injini haibadiliki hata kidogo.

"Mgonjwa wenu huyu hapa," anawaambia mafundi wa karakana.

Anaihamishia koili ya silinda hiyo kwenye silinda ya jirani, na ugonjwa unahama nayo. Koili mbovu. Dakika kumi zimetosha.

Gari hilo limelala katika karakana hiyo wiki tatu. Mashine ya kupima ilisema tangu siku ya kwanza: silinda namba moja. Mafundi wakahesabu walivyozoea, kuanzia upande wa mkanda, wakabadilisha koili na plagi zisizo na kosa mara tatu. Gari hili huhesabiwa kuanzia upande wa giaboksi. Méthode, mwenye miaka 44, alifundishwa hivyo katika chuo cha ufundi Bujumbura, na ana cheti cha chuo hicho, kilichoandikwa kwa Kifaransa. Ndicho cheti ambacho meneja wa karakana alikisukuma pembeni, akasema hakisomeki.

Inaudhi, na haina jina jingine. Kwa miaka sita Méthode ameitwa hapa kila gari linapowashinda mafundi wa karakana. Hulipwa randi 400 kwa gari, bila mkataba, na huingilia geti la nyuma ili wateja wasimwone. Siku nyingine hutengeneza magari kando ya barabara Marshalltown, jijini Johannesburg.

Anachodai si nyongeza. Anataka barua ya ukurasa mmoja, inayosema amefanya kazi hapa, ili aruhusiwe kufanya mtihani wa ufundi mwezi ujao. Bila mtihani huo hakuna karakana itakayomwajiri kihalali.

"Nimemwomba meneja mara nne," anasema, sauti ikimpanda. "Ananiambia, 'Kwenye karatasi zetu wewe hauko.' Eish! Sasa mikono iliyo ndani ya injini yake ni ya nani? Ya shetani?"

Saa tano mwenye gari anafika. Ni Arlène, Mkongo mwenye saluni Joubert Park, anayeongea Kiswahili kwenye simu huku akisubiri kaunta. Meneja anamwambia kwa tabasamu pana kwamba mashine yao mpya imegundua tatizo.

Méthode yuko nyuma ya mlango, anasikia kila neno. Siku zote hubaki huko hadi mteja aondoke. Leo anatoka, tambara la grisi mkononi.

"Mama, si mashine," anamwambia. "Walikuwa wanahesabu silinda kwa upande usio wake. Wiki tatu nzima!"

Meneja anamfokea arudi nyuma. Arlène anamtaka meneja kwa Kiingereza aliandike jina la fundi kwenye risiti. Meneja anakataa katakata. Anamnyooshea Méthode kidole: asikanyage tena hapo. Nje ya geti Méthode anamweleza Arlène habari ya barua na mtihani.

"Papa, jina yako ni nani?" Arlène anauliza. "Miye nitaiandika mwenyewe, polisi bapige muhuri. Banifanye mujinga wiki tatu, na weye bakufukuze? Haiwezekani!"

Mchana wako kituo cha polisi. Arlène anaandika hati ya kiapo kwa mkono wake: gari, tarehe, ubovu, jina la aliyeutibu. Ofisi ya mitihani ilimwambia Méthode kwamba asiye na barua ya mwajiri alete hati za kiapo za wateja watano, zitatazamwa. Haikumwahidi zaidi ya hapo.

Sasa anayo moja. Kesho ataanza kuwazungukia wateja wake wa Marshalltown kutafuta nne zilizobaki, na amebakiwa na siku kumi na nane kabla ya mtihani.

Hasira haijamtoka. Anaikunja hati, anaitia ndani ya shati.

"Nikifeli kwa kuwa sijui kazi, nitakubali," anasema. "Lakini siwezi kukubali kufeli kwa kuwa mtu ameona aibu kuandika jina langu."