Nusu ya Kichwa cha Sangala

Asubuhi ya leo nimefungua friji kutafuta limau, harufu ya sangala ikanipokea. Msikunje pua, jamani, si uvundo. Ni ile harufu ya samaki mkubwa wa ziwa, nzito kidogo, yenye mafuta ndani yake, na mtu aliyezaliwa Rumonge, nchi ya Warundi, akiinusa lazima imrudishe mahali. Mimi ilinirudisha mwaka wa Uhuru, 1962, ndani ya boti ya baba yangu, nimekaa juu ya kamba zilizolowa, na kazi yangu siku hiyo ni moja tu: kulinda kichwa cha samaki.

Baba yangu, Saidi, alikuwa na boti ya mbao yenye mota. Siku za kazi alibeba watu na mizigo kando ya ziwa, na Jumapili aliikodisha kwa wazungu waliotoka mjini Usumbura kuja kuvua kwa kujifurahisha. Walikuja na kofia zao na chupa zao za bia, na fimbo za kuvulia zenye gurudumu la uzi. Boti ilikwenda polepole huku ikiburuta nyuma kipande cha bati kinachong'aa. Sangala akikiona hudhani ni ndagala, yule dagaa mdogo, anameza, na hapo ndipo kelele zinapoanza. Wakishapigwa picha na samaki wao, Baba alimkata kichwa, kwa sababu wao walitaka nyama tu. Kichwa walimwambia atupe.

Atupe! Kichwa cha sangala! Bibi yangu, mama yake Baba, kila akisikia hivyo alijishika mbavu kwa kicheko. "Mashavu yote yale," alisema, "na mafuta ya nyuma ya macho. Wallahi hawa watu wananionea huruma bila kujua." Basi Jumapili jioni nyumba yetu ilinukia supu ya kichwa, mawese kidogo, limau na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Ikawa ndiyo sheria ya boti: samaki ni wa mteja, kichwa ni chetu. Hakuna aliyeiandika wala kuijadili, maana hakuna aliyewahi kukitaka.

Sasa, kiangazi cha mwaka ule kilipokuwa kinaisha, Mama alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto mzima, sauti anayo, ila maziwa ya Mama hayakutoka. Mtoto alilia mpaka akawa analia bila sauti, na hiyo ilinitisha kuliko makelele. Mama aligeuza uso ukutani. Baba ndiye alikuwa balaa kabisa. Aliingia, akatoka, akaingia tena. "Yametoka?" Bado. Anazunguka nyumba, anarudi. "Na sasa?" Mama akipata usingizi, yeye anamwamsha kumuuliza kama amelala.

Jumapili asubuhi Bibi alimsimamia mlangoni na mwiko mkononi.

"We Saidi, umetembea mu hii nyumba mpaka sakafu imechoka. Mzazi anataka supu ya kichwa cha sangala, maziwa ipate kutoka. Si ya sokoni, ile imelala. Nataka ile inatoka majini leo, mbele ya macho yako. Bila kichwa usirudi hapa."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Zaina utaenda naye. Baba yako mkono wake mwepesi, atampa rafiki. Kaa karibu na ile kichwa. Na habari ya maziwa musiitoe nje, watu wana macho."

Mimi, mtoto wa kike, kwenye boti ya Jumapili! Nilivaa gauni la Idi.

Mteja wa siku hiyo alikuwa amewekewa nafasi na dereva wa lori, aliyesema tu kwamba ni musiye mmoja wa ofisini, na kwetu musiye alikuwa bwana wa kizungu. Gari likafika ufukweni, akashuka Mrundi mwembamba mwenye tai. Baba akachungulia nyuma yake, akimtafuta mzungu mwenyewe.

"Amahoro," yule bwana akasema. "Ni mimi. Naitwa Zakaria. Nimekuja kuvua, kujifurahisha tu."

Baba akababaika. Hakujua amwite Musiye au amwite ndugu, akawa anabadilisha kila sentensi. Akamkopesha fimbo ya zamani iliyosahauliwa na wazungu, na yule bwana akaishika kwa mikono miwili kama anayeshika nyoka. Kujifurahisha gani kule? Hakucheka hata mara moja. Kila baada ya muda aliuliza, "Itakuwa kubwa? Yenye kichwa kikubwa?" Mimi nikasema moyoni, huyu vipi.

Ziwa lilikuwa limetulia asubuhi ile, na milima ya Kongo ilionekana kwa mbali katika ukungu. Tulikwenda kusini polepole tukipita Gatete. Jua lilipopanda, fimbo ikapinda ghafla na Bwana Zakaria nusura afuate. Hapo Baba akasahau adabu zote.

"Vuta wewe! Usilale! Mupe uzi kidogo, mupe, haya vuta!"

Tai ilikwenda mgongoni, kiatu kimoja kikaingia kwenye maji ya chini ya boti, lakini samaki alipanda. Sangala mnene, mdomo unaoweza kumeza kichwa changu. Baba akamtuliza kwa rungu, akachomoa kisu, na mkono wake wenyewe ukaenda shingoni kwa samaki, kwa mazoea tu.

"Hapana!" Bwana Zakaria aliruka. "Kichwa usiguse. Iache vilevile."

"Iko sheria ya boti, Musiye. Kichwa inabaki kwetu."

"Sheria ya nani?"

Baba akakifuta kisu kwenye suruali. Kwa kweli angejibu nini? Miaka yote tulikuwa tunakula vichwa kwa sababu wateja hawakujua utamu wake. Huyu alikuwa mtu wa kwetu. Alikuwa amenyonya mifupa ya mashavu kwa nyanya yake kama mimi nilivyonyonya kwa Bibi. Sote tulipiga vigelegele vya Uhuru, na hakuna nyumbani kwetu aliyefikiri kwamba sasa atakuja mteja anayejua kula. Nilimchukia yule mtu, nasema kweli. Niliwaza jinsi nitakavyomweleza Bibi, na maneno yote niliyoyapanga yaliishia kwa mtoto kulia bila sauti.

Mvua za kwanza zikikaribia, hali ya hewa ya ziwa letu haina mwenyewe. Upepo ulitokea upande wa Kongo bila hodi. Maji yaliyokuwa ya buluu yakawa meusi, mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni, na mota ikameza maji, ikakohoa, ikanyamaza. Baba alishika kasia, Bwana Zakaria akateka maji kwa kopo akisoma sala ya Baba Yetu, mimi nikalala kifudifudi juu ya samaki. Nilimkumbatia kwa nguvu zote, gauni la Idi na vyote. Upepo ukatusukuma mpaka Kigwena, pale michikichi inapokaribia mchanga, tukarukia majini tukavuta boti juu.

Dhoruba ikapita haraka kama ilivyokuja, ila ziwa lilibaki limekasirika na mota imelowa. Tukakaa kivulini kusubiri. Jua likarudi kali, na samaki hapendi jua. Baba akamfunika kwa majani, akachota maji, akammwagia kichwani. Akakaa. Kidogo, Bwana Zakaria akainuka, akachota, akamwagia kichwani. Akakaa. Baba akainuka tena. Mwili mzima wa samaki ulikuwa unakauka, hakuna aliyeujali. Wanaume wazima wawili wanapokezana kunywesha kichwa cha samaki aliyekufa, na hakuna anayemtazama mwenzake usoni.

Mimi nikashindwa. Nikaanza kulia, nikasahau macho ya watu na makatazo ya Bibi.

"Ile kichwa ni ya mama yangu! Amezaa, na maziwa haitoki, na mutoto atakufa!"

Baba alinitazama kwa hofu. Bwana Zakaria akabaki na kopo mkononi, maji yanamwagika kwenye viatu vyake.

"Na kwangu iko mutoto," akasema taratibu. "Mutoto wa kike. Mama yake hana maziwa. Mama mkwe amenituma. Alisema ya sokoni hapana, inatakiwa ile inatoka majini mbele ya macho yangu. Nilipata haya kumwambia dereva, nikasema nataka kujifurahisha."

Halafu Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini mchangani, na Bwana Zakaria naye akacheka, na machozi yalikuwemo kwa wote wawili, mimi niliyaona. Baba akachukua shoka la botini, akamlaza samaki juu ya gogo, akapasua kichwa katikati: jicho huku, jicho kule. Walichaguliana, kila mmoja akimsukumia mwenzake nusu iliyonona. "Chukua hii, Zakaria." Lile neno Musiye lilikuwa limekwisha.

Ziwa lilipotulia alasiri, tukarudi. Zakaria aliondoka na nusu yake imefungwa kwa majani ya mgomba, akatuachia mwili wote. Baba alikimbia kutoka ufukweni hadi nyumbani, nami nyuma yake. Bibi akaipokea nusu yetu kwa mikono miwili, akamsifu mwanawe, akamtuma kuni, halafu limau, halafu maji.

Mimi nikaingia chumbani. Mama alikuwa amekaa, amependeza, na mdogo wangu yuko kifuani anameza kwa sauti. Maziwa yalikuwa yanamtiririka mtoto shavuni.

"Bibi! Yametoka!"

"Tangu mchana," Bibi akanong'ona. "Nyumba ilitulia, akalala, akaamka, akanywa uji, yakatoka. Usimwambie baba yako. Mwache alete kuni."

Nilidhani Bibi anamficha Baba kwa utani tu. Mpaka anaingia kaburini Baba alisimulia kwamba kichwa cha Kigwena ndicho kilichomnyonyesha mwanawe. Zakaria alikuja mara moja na mkewe na binti yao, tukawalaza watoto wawili kwenye mkeka mmoja, naye aliapa hivyohivyo: kichwa kile, kichwa kile. Mwaka 1972, mauaji yalipozuka kwetu, boti ileile ilituvusha kwenda Kigoma, ninakoishi hadi sasa. Watu wa ofisini kama Zakaria, wengi hawakuonekana tena baada ya mwaka ule. Kila nikimwona mwanamke wa rika la mdogo wangu namtazama mara mbili nikimtafuta binti wa Zakaria, na mpaka leo sijampata.

Binti yangu amejifungua, yuko chumba cha nyuma. Maziwa bado. Mkwe wangu, kijana mzuri mwenye simu mbili, tangu alfajiri anaingia na kutoka, anaingia na kutoka. Nilikuwa nimesimama mbele ya friji na limau mkononi alipokuja tena nyuma yangu.

"Mama, nifanye nini? Niambie chochote, nitafanya."

Nikamtazama. Macho yalikuwa ya Baba kabisa, ya Zakaria kabisa. Ndipo nilipomwelewa Bibi yangu, na mama mkwe yule wa Usumbura ambaye sikumwona kamwe.

Nikaufunga mlango wa friji taratibu, kichwa cha sangala kikiwa ndani.

"Nenda ziwani, mwanangu," nikamwambia. "Katafute kichwa cha sangala. Cha sokoni sitaki. Na bila kichwa usirudi."