Koti la Kocha

Fundi cherehani wa klabu hapendi kuulizwa habari za mpira. Makocha hubadilika, koti ni lile lile, maana klabu haina uwezo wa jingine. Yeye hufumua herufi za jina la aliyetimuliwa kwa wembe, kisha hushona za mgeni kwa mkono, mishono legelege, ili asisumbuke siku ya kuzitoa. Mashabiki hujazana mlangoni. "Huyu ndiye, fundi. Na huyu hatushuki daraja ng'o." Yeye huguna tu, sindano midomoni.

Leo kocha mpya kaja mwenyewe kulijaribu, huku wakimshangilia njia nzima. Mlango ulipofungwa, alijipapasa kifuani, penye vitundu vya sindano vya herufi za waliomtangulia, akaivuta yake ya kwanza kwa kucha. Ikaachia.

"Umeshatuzoea, mzee wangu," alisema taratibu.

Fundi alimvua koti kama anayemvua mwanawe shati la shule, akafumua herufi zote, akatunga uzi maradufu. Nje mashabiki bado walikuwa wanaimba jina la kocha.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Nakaza."