Magadi ya Mzee Batholomeo

Tangu mkewe azikwe, mzee Batholomeo alikuwa akilishwa na majirani, mpaka akayajua makosa ya kila jiko la Mkonze. Lakini huruma nayo huchacha. Mabakuli yalipoacha kuja, binti yake Emilia akatoa hukumu kwa simu: Jumapili anakuja na gari. Akikuta baba hajui kujipikia, anamhamishia kwake Makole, mjini, kwenye jiko la gesi, televisheni na wali.

Mzee hakuwa na ugomvi na wali. Aliogopa kwenda kufia kwenye sofa la watu.

Jumapili akaitega ibada, akainjika sufuria ya mlenda, ile mboga ya kuteleza. Mgogo wa umri wake anaujua mlenda kama anavyoijua mbingu: kausifu maisha yake yote, kuutengeneza hajui. Akatia magadi, akaonja, hakusikia kitu, akatia tena. Kisha, eti usafi, akafunika.

Mlenda haufunikwi. Ulipanda povu, ukasukuma kifuniko, ukamwagikia kuni.

"Mzee Batho!" Jirani yake Mwanasha, Mrangi wa Kondoa, alichungulia juu ya ua wa minyaa. "Unapika au unazima moto?"

"Kapike vyako, shemeji."

"Vyangu havitoroki sufuria!"

Emilia alifika moshi haujaisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa, mwanangu, chakula tayari."

Ugali wa uwele ulikuwa na madonge ya kutosha kuwindia ndege. Emilia akamega, akachovya, akatia mdomoni. Akaganda.

"Baba, magadi yamezidi."

"Kidogo."

"Ulimi unaniwasha!"

Akamega tena, polepole. Mzee akangoja aambiwe afunge mizigo.

"Wa mama ulikuwa hivihivi," Emilia akasema.

"Kila siku ya Mungu."

"Na wewe ukimwambia mtamu!"

"Ulitaka nilale nje?"

Emilia akacheka mpaka kilemba kikamvuka, kisha akalia, kisha akasogeza bakuli aongezwe. Msibani watu walikuwa wamemsifu marehemu kwa upishi, na hakuna aliyethubutu kucheka. Sasa baba na binti walimaliza sufuria nzima, wakilaani magadi na kuramba vidole.

Jua lilipopoa, Emilia akashika funguo za gari.

"Watoto wamekutandikia kitanda, baba. Nikawaambie nini?"

"Waambie Jumapili waje kula huku."

"Mlenda huu?"

"Waje na maji ya kunywa."