Nukta na Mkwaju

Yule mzee wa chumba cha kompyuta pale chuoni kwetu Toledo hagusi kibodi ya mtu. Anafunga mikono nyuma ya mgongo, anainama, anauliza kama anabembeleza mtoto, "Umeiambia iko wapi?" Kila siku hilo hilo, linakera kinoma. Juzi Lavonne, dada aliyepunguzwa kazi kiwanda cha vioo, alibakiza dakika nane kukabidhi kazi ya mwisho. Akifeli, ajira mpya ya Jumatatu hana. Programu yake ameikompaili, yaani ameigeuza lugha ya mashine, haina kosa hata moja, ameipa jina test. Anaandika test, anabonyeza Enta, kimya. Anarudia, kimya. Machozi yakamtoka. "Mzee, acha mafumbo, mbonyezee!" nikamfokea.

"Tulia, kijana. Dada, umemwita nani?"

"Test, si ndo jina lake?"

"Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hizi, nayo ina test yake, ya siku nyingi, ikiitwa haiandiki kitu. Hiyo ndo imeitika. Ya kwako iko wapi?"

"Si hapa hapa, kwenye folda hii!"

"Basi iambie hapa."

Mimi nilikaa nyuma ya mzee. Vidole vyake mgongoni vilikuwa vinabonyeza hewa, nukta, mkwaju, kile kistari kilichoinama, nukta, mkwaju, jasho linamshuka shingoni, na bado hasogei. Lavonne akafuta machozi. Halafu akaweka nukta, ambayo ndo "hapa" ya Linux, akaweka mkwaju, ndo jina likafuata. Majibu yakajaa kioo kizima. "Wee! Imekubali!" akapiga kelele, akaikabidhi kabla muda haujaisha.

Nikamfuata mzee mlangoni. "Na dakika zingeisha je?"

"Ningelia naye," akasema. "Lakini Jumatatu, huko kazini kwake, mimi sitakuwepo kumbonyezea, kijana."