Jogoo wa Bwana Abbasi

Katika miaka ya thelathini, mtu aliyemtaka Kuruthumu binti Juma alimkuta sokoni Kariakoo, upande wa matenga ya kuku, amekaa juu ya kibao akigombana na mnunuzi. Kugombana kulikuwa sehemu ya bei. Alikuwa mjane mwenye sauti nene, binti mmoja aliyeitwa Mwanamkuu, na nyumba ya udongo karibu na Msimbazi yenye ua mpana kwa nyuma. Ua ule ndio uliokuwa shamba lake.

Mbegu ya kuku wake ilitoka Tabora. Mumewe, marehemu Safari, alikuwa kibarua wa reli, na safari moja alirudi na tenga la kuku wa kuchi, wenye miguu mirefu na shingo za kiburi. Miaka ya mwanzo watu walitoka Mchafukoge kuja kununua kwa mjane huyu, na waliondoka wakibadilisha mkono njiani kwa uzito.

Kisha kuku wakaanza kupungua. Si idadi, bali miili. Kila kizazi kilikuwa kidogo kuliko kilichotangulia, mpaka Salem, Mwarabu mwenye duka la pembeni ambaye ndiye aliyewachinjia majirani, akamnyanyua mmoja kwa miguu na kumtazama kwa huzuni.

“Bi Kuruthumu, huyu ni kuku au ni kwale aliyekuja kukutembelea?”

“Mchinje, usimhoji.”

Lakini maneno yale yalimchoma. Akaongeza pumba. Akachanganya na dagaa. Jirani mmoja alisema ni hewa ya pwani, mwingine akasema ni husuda, basi akafukiza ubani bandani wiki nzima. Kuku walinukia vizuri na wakaendelea kuwa wadogo.

Siku moja alipita nyumba ya tatu kuchukua nguo aliyoshonewa na Devendra, fundi cherehani. Mkewe, Indumati, alimkaribisha uani, na hapo Kuruthumu akasimama kama aliyeona mzimu. Mbele yake alikuwa anatembea jogoo wa Safari: miguu ile ile, shingo ile ile.

“Mama Nayna, huyu mmemnunua wapi?”

“Kununua? Huyu mjukuu wa wale vifaranga uliompa Nayna alipokuwa analia, umesahau?”

“Mnawapa nini?”

“Wali uliobaki. Dengu.”

“Dengu tu?”

“Na maji, Mama Mwanamkuu. Maji pia wanakunywa.”

Kuruthumu akakaa kwenye kizingiti. Familia ile haikula nyama. Katika ua ule kisu kilikata mboga tu. “Sasa wakizidi mnafanyaje?”

“Nawapa watu. Wanachukua wale wadogo, kwa sababu wakubwa Nayna anawakumbatia, hataki waondoke.”

Kuruthumu akaanza kucheka. Alicheka mpaka Devendra akaacha cherehani na kuja kutazama kuna nini.

“Mama Nayna, mimi ni mjinga! Mnunuzi akija kwangu, anamnyanyua kuku, anambonyeza kifua, anachukua mzito. Idi ikija, anachinjwa mzito. Mgeni akija, mzito. Anayebaki uani ni nani? Kibete! Na anayebaki ndiye anayekuwa baba. Kwangu jogoo akinenepa amejihukumu mwenyewe. Na hapa kwenu anayependeza ndiye anayezaa!”

Ndivyo ilivyokuwa. Kuku waliotoka katika tenga moja walikuwa wamegawanyika nyua mbili, na kila ua uliwachagua kwa njia yake. Hakuna aliyekusudia. Mikono ya wateja ilifanya kazi hiyo mwaka hadi mwaka, na heshima ya wageni ikaongezea.

Aliazima jogoo wa Nayna, akaanza kufanya kinyume. Wazito akawaficha, wembamba akawauza kwa bei ndogo na kelele nyingi. Matokeo hayakuja mara moja. Vifaranga wa kwanza wengi walirithi miili ya mama zao, akawanunia wiki nzima. Lakini alizidi kuchagua, na vizazi vilivyofuata vikaanza kurefuka.

Kitu kimoja hakikurudi. Zamani kuku wake wachache walikuwa na manyoya yaliyojikunja kama yaliyopitiwa na upepo, wale wanaoitwa kidimu. Alikuwa amebaki mtetea mmoja tu wa namna hiyo, na asubuhi moja kipanga alimnyakua. Kidimu hakuzaliwa tena uani pale. Mtetea yule hakuchaguliwa na mnunuzi wala mgeni. Ilikuwa bahati mbaya tu, na kundi dogo halihitaji bahati mbaya nyingi.

Hilo lilimfundisha hofu. Kwa hiyo jogoo wa Nayna alipokufa kwa uzee, na katika watoto wake akatokea mmoja aliyewapita wote, Kuruthumu alimlinda kama yai. Jogoo huyo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuwika vizuri. Hakuwa na kifaranga hata mmoja.

Katika hali hiyo ndipo Bwana Abbasi alipofika kutoka Bagamoyo.

Alikuja kumposea mpwa wake, kijana ambaye Mwanamkuu alikuwa amekwisha kumkubali moyoni. Bwana Abbasi alikuwa mtu mnene, mkali wa adabu, na neno lake ndilo lililongojewa na ukoo mzima. Mgeni wa aina hiyo huchinjiwa jogoo, tena si jogoo yeyote. Kuruthumu alikuwa amemfungia jogoo yule chumbani, lakini mlango haukukazwa. Kabla kahawa haijamiminwa, jogoo alipita ukumbini, akatoka barazani, akajinyoosha mbele ya mgeni na kuwika.

“Mashaallah!” alisema Bwana Abbasi. “Kumbe nilikuwa nasubiriwa.”

Watu wakacheka. Salem, ambaye alikuwa na pua ya kunusa shughuli, alikuwa tayari amesimama na kisu.

Jikoni Mwanamkuu alimshika mama yake mkono. “Mama, mchinje. Nikose mume kwa ajili ya kuku?”

“Hutakosa.”

“Akijua umemnyima?”

“Nani kasema namnyima?”

Alitoka, akamkamata jogoo, akaenda barazani na kumweka mapajani mwa mgeni.

“Bwana Abbasi, karibu. Jogoo wako huyu.”

“Ahsante, dada. Mbona napewa mzima?”

“Kwa sababu ni wako. Wako akiwa hai, wako akiwa mchuzi. Ila nisikilize kwanza. Huyu hajazaa. Mitetea wake ndiyo kwanza wanatafuta pa kutagia, na baba yake amekufa. Ukimla leo, utashiba mpaka kesho asubuhi na mbegu imekwisha. Ukimwacha, watoto hawa wakioana, bibi harusi atakuja Bagamoyo na wana wa jogoo huyu ndani ya tenga.”

Mlangoni, nyuma ya pazia, Mwanamkuu alifumba macho. Bwana Abbasi alimnyanyua jogoo, akambonyeza kifua, kama mnunuzi yeyote wa Kariakoo.

“Na leo nitakula nini?”

“Ndugu zake wanne, wale niliowakataa.”

“Wanne?”

“Wembamba. Lakini wanne.”

Tumbo la Bwana Abbasi likaanza kutikisika kabla kicheko hakijatoka. “Nimekuja kutoa mahari, nimepewa mali kabla sijatoa! Basi ni jogoo wangu. Asiguswe. Atakayemchinja atanijibu mimi.”

“Sichinji mali ya mtu,” alisema Salem, akaenda kuwatafuta wale wanne.

Posa ilijibiwa siku ile ile. Harusi ilifanyika baada ya mfungo, kwa pilau na ngoma iliyoiweka Msimbazi nzima macho, na Indumati alikuja na sinia la peremende akimshika Nayna mkono. Katika mizigo ya bibi harusi kulikuwa na tenga, na ndani yake mitetea na jogoo kijana ambaye kichwa chake kilitokeza juu.

Bwana Abbasi hakuwahi tena kufika Dar es Salaam bila kupita kwa Kuruthumu. Alimjulia hali jogoo kwanza, watu baadaye. Akiketi kula, alipewa wale wembamba, na jogoo wake, mzito zaidi kila mwaka, alikuja kudonoa wali pembeni mwa sinia.

“Mkwe,” aliuliza kila safari, akimtazama jogoo kifua, “sasa si amekwisha kuzaa vya kutosha?”

“Karibu mchuzi, Bwana Abbasi,” alijibu Kuruthumu, akimsogezea bakuli.