Marsiana na Jina la Mkwewe

Wifi yangu Marsiana hakuwa akilitaja jina la baba yangu. Msicheke, nyinyi mliosoma. Kwetu sisi Wahangaza, mwanamke akishaolewa, jina la baba mkwe haliko tena kinywani mwake. Halitaji hata akiwa peke yake shambani, na likitajwa mbele yake anageuza uso na kujifunika khanga. Baba yangu aliitwa Niragira. Marsiana alimwita "mwenye nyumba", basi, na maisha yakaenda.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kazi nyingi. Aliletwa kwetu upande wa Murukulazo akitokea Rulenge, na mwaka tulipohamishiwa kijijini alimaliza kukandika jiko lake kabla kaka yangu Leonidas hajamaliza kulalamikia kiwanja. Nilimwonea wivu, nasema kweli. Nilimtania, "Wifi, wewe hata chumvi unaiomba kwa macho!" Anacheka, halafu anaendelea kupepeta mtama wake.

Vita vya Kagera vilipoanza, Leonidas alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake. Bidhaa zikaadimika, na mstari wa duka la kijiji ukawa mrefu kuliko wa komunyo. Ndipo kijiji kikakubaliana kwamba nyumba yenye mtu vitani iruhusiwe kukopa dukani, ije ikatwe deni wakati wa kuuza kahawa. Kanuni ilibandikwa mlangoni, na mwenyekiti wetu Laurian aliisoma kila mkutano mpaka tukamchoka: mkopaji aje mwenyewe, kama muuza duka hamjui, atambulishwe na mtu wa nyumba yake au na balozi wa nyumba kumi, akipewa mtu asiyetambulishwa, hasara ni ya duka, si ya mwenye jina. Kanuni nzuri kabisa. Ila aliyeiandika hakuwafikiria wakamwana wa Kihangaza.

Siku mablanketi yalipoletwa, watu walibanana mlangoni kama siafu. Marsiana alikuwa nyuma, na mtoto mgongoni, akitokea moja kwa moja kwao Rulenge alikokuwa kwa wiki mbili. Mbele akafika mzee mmoja mwenye koti refu na kofia iliyomshuka usoni, akasema yeye ni Niragira, baba yake Leonidas aliye vitani, anataka mablanketi na mafuta ya taa kwa mkopo. Muuza duka, Xavery, alikuwa mgeni aliyetoka Biharamulo, hakuwajua wazee wetu wote. Lakini Xavery alimjua Marsiana, na mila zetu alikwisha kuziona. Akapaza sauti juu ya vichwa vya watu:

"Mama! Huyu si mkweo, Mzee Niragira?"

Hebu fikirini. Jina limetajwa hadharani, na ameambiwa mwenye jina yuko mbele yake. Marsiana aliona mgongo wa koti tu, akaamini ndiye. Angemtazamaje usoni? Alijifunika khanga, akageuka ukutani, akampisha mzee apite kama inavyompasa mkamwana mwenye adabu.

"Haya, ametambulishwa," akasema Xavery, na mzigo ukatoka.

Marsiana alirudi nyumbani na kipande chake cha sabuni. Baba alikuwa amekaa barazani, mguu ameunyoosha, donda limefungwa majani, hawezi kufika hata kwenye migomba. Marsiana akasimama pale uani. Ndipo akaelewa kwamba yule wa dukani alikuwa tapeli, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempitisha.

Je, alisema? Hakusema! Angesema nini, na kwa nani? Mume yuko vitani. Kumwambia mkwe ni kuanza na jina lake mwenyewe. Kuniambia mimi, mwenye mdomo huu, afadhali angemwambia mpiga ngoma. Aibu ikamkaba, akanyamaza, na kila siku aliyonyamaza ikawa ngumu kuliko ya jana yake.

Habari zikafika bila yeye. Ilisemekana Niragira amekopa mablanketi, nyumbani kwake halionekani hata moja, kwa hiyo ameyauza Burundi, ng'ambo ya mto Ruvubu. Mtoto anapigana, baba anafanya magendo! Mwaka ule hapakuwa na tusi baya kuliko hilo. Watu waliacha kuitikia salamu yake. Vijana waliomwamkia "shikamoo" tangu wadogo walipita wakitazama migomba. Baba alikana, akarudia kukana, kisha akanyamaza. Na sisi watoto wake? Kaka yetu mkubwa Anatoli alisema tulipe kimya kimya, mambo yaishe. Nami nilisema hivyohivyo, maana niliolewa Kasulo na sikutaka wakwe zangu wasikie. Kumuuliza baba ukweli, hakuna aliyemuuliza.

Msimu wa kahawa ukafika, kesi ikaletwa kwenye baraza la kijiji. Laurian alisema wazi kwamba likithibitika, kukatwa kahawa ni jambo dogo. Mzee atapelekwa wilayani kama mlanguzi. Baba alisimama kwa fimbo.

"Sikukopa. Siku ile nilikuwa mgonjwa."

"Mzee, ulitambulishwa na mkamwana wako mwenyewe," akasema Xavery, kwa sababu bila utambulisho huo hasara ilikuwa yake. "Alijifunika mbele yako. Watu wote waliona."

"Tuliona!" wakasema wa mstarini.

Anatoli aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nikajifanya namfunga mwanangu nepi.

Kisha nikasikia watu wananong'ona, nikainua macho. Marsiana alikuwa amesimama.

"Sikumtambulisha mtu," akasema. "Nilisikia jina, nikajifunika. Uso sikuuona. Nilipofika nyumbani nilimkuta mwenye nyumba ana donda, hatembei. Nikanyamaza kwa aibu. Kosa ni langu."

"Mwenye nyumba yupi?" akauliza Laurian. "Sema vizuri, mama. Tunaandika."

"Baba yake Leonidas."

"Baba zake Leonidas ni wengi, na ndugu za baba yake pia ni baba zake. Wawili wako hapa, wameketi. Kanuni inataka jina. Umwonyeshe mwenye jina, utamke kwamba si yeye aliyekuja dukani. Bila hivyo, utambulisho wa kwanza unasimama."

Jamani! Wanawake waliguna. Mmoja akasema, "Mwacheni, mnataka kumvua nguo?" Na kweli ilikuwa ni kumvua nguo. Marsiana alimtazama baba yangu usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Mimi binti wa kuzaliwa, niliyeruhusiwa kulitaja jina lile mpaka nichoke, nilikuwa bado nashika nepi.

"Niragira," akasema. "Huyu ndiye Niragira. Si yeye aliyekuja dukani. Niragira si mwizi."

Akapiga magoti palepale na kujifunika kichwa kizima. Kuna waliocheka, Mungu awasamehe. Laurian hakucheka. Aliwauliza Xavery na wa mstarini kama kuna aliyeuona uso wa mzee wa koti, wakakiri kwamba waliona koti na kofia tu. Akatamka kwamba mkopaji hakutambulishwa, deni si la Niragira, na kuanzia siku ile hakuna kukopesha kwa jina la mtu bila balozi kuwepo na kumtazama mkopaji usoni. Yule tapeli hakupatikana mpaka leo.

Jioni Marsiana alifunga nguo zake kwenye kitambaa. Mila ilikuwa wazi: mkamwana aliyelitaja jina la mkwe hurudi kwao, na hapokelewi tena ila na mtungi wa pombe wa kuomba radhi. Alikuwa amefika kwenye ua, mtoto mgongoni, baba alipokohoa barazani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Kutafuta pombe."

"Rudi jikoni, mwanangu. Pombe itakwenda, lakini haitoki kwenu."

Akatuita mimi na Anatoli. Hakugomba, na afadhali angegomba.

"Nina watoto wanaoruhusiwa kulitaja jina langu," akasema. "Leo mbele ya kijiji sikuwasikia."

Pombe ya ndizi ilipoiva, alituamuru tuipeleke Rulenge kwa wazazi wa Marsiana, tuombe radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Anatoli, mtu mzima mwenye mvi, alibeba mtungi kichwani. Mimi nilibeba mirija ya kunywea. Njia inapita mbele ya duka, na mstari ulikuwepo. Xavery akatoka mlangoni.

"Ee, kuna harusi? Pombe ya nani hiyo?"

Anatoli alikaza shingo chini ya mtungi, akatazama mbele. Watu wote wakanigeukia mimi. Uso uliniwaka moto.

"Ya Niragira," nikasema. "Baba yetu."

Nilisema kwa sauti, mstari mzima ukasikia. Ila siku jina lile lilipohitajika, mbele ya kijiji, mimi nilikuwa nashika nepi.