Nilibandua Lebo za Chupa za Anti, Mzee wa Myanga Akaaibishwa

Admin, nifichie jina tafadhali. Watu wa Kanduyi wakinijua kwa haya nitakayosema, basi nimekwisha, lakini nimechoka kuyabeba peke yangu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tano, nasuka nywele hapa Kanduyi. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, na anti yangu wa Kitale, dada ya baba, akanichukua akanilea pamoja na watoto wake bila ubaguzi. Anti anatengeneza juisi ya passion nyumbani kwake na kuiweka kwa chupa ndogo za plastiki. Hiyo juisi ndiyo ilinisomesha, na siku hizi inauzwa mpaka maduka ya huku Bungoma. Nayasema haya mapema ndio mkinihukumu, mjue ni nani nilikuwa namlinda.

Mvua ilipoanza mwaka huu, mtaro wa mtaa wetu uliziba na maji yakaingia kwa nyumba. Jirani yangu Nekesa ana mtoto mchanga. Tulimtoa nje maji yakimfika kiunoni, amemwinua mtoto juu ya kichwa, anaita jina la Yesu. Maji yalipopungua tukaona kilichoziba: chupa, chupa tupu, zimeshikana kama ukuta. Vijana wa mtaa tukasema imetosha. Kiongozi wetu ni Wafula, fundi wa simu, kijana mtulivu anayependa kusoma mambo ya sheria. Akatuambia, "Wasee, kuokota pekee haitasaidia. Tutaokota mpaka tuzeeke. Sheria inasema anayeuza kitu kwa chupa atafute njia ya kuichukua ikiisha kutumika. Tuzipange kwa majina, yule mwenye rundo kubwa tumpelekee zake mpaka mlangoni."

Tulishangilia wote, hata mimi. Mimi mwenyewe nilijitolea kuziosha na kuzipanga.

Ndio nikaanza kuona lebo ya anti. Nikatoa moja, nikatoa ingine, na kila gunia nililomwaga rundo lake ndilo lilikuwa linapanda. Kwenye hiyo lebo kuna jina la binti yake, yule tulilala naye kitanda kimoja tangu utotoni. Nikawaza vile vijana watasimama na simu zao kwa mlango wa anti, wakimrekodi akiwa na aproni yake. Wenzangu walipoenda kunywa chai nilibaki nyuma nikibandua. Lebo ikilowa inatoka rahisi sana. Nilizisukuma zote ndani ya gambuti zangu, nikasimama juu yake.

Waliporudi, mmoja akasema, "Si hizi ni za yule mzee wa Myanga wa juisi ya nanasi? Chupa zake ndio hizi hizi, kifuniko cha njano." Wafula akanigeukia. "Wewe ndio umezipanga. Ni zake?"

Nikasema, "Ni zake."

Tulienda Myanga na magunia, tukayamwaga mbele ya duka lake siku ya soko. Mzee alitoka nje, akashika chupa moja, akaigeuza geuza. Akasema polepole, "Watoto wangu, hizi si zangu zote. Mimi huwa naomba watu wanirudishie chupa. Ingieni muone." Kweli ndani kulikuwa na magunia ya chupa alizorudishiwa. Lakini watu walikuwa wameshaanza kumcheka, mtu akapiga kelele, "Ati si zake, bana!" Video ilisambaa. Shule zilizokuwa zinachukua juisi yake zikaacha, na baada ya muda akafunga duka.

Niliamua kwenda kumwambia ukweli. Nilifika kwake asubuhi, mke wake akanipokea vizuri sana, akaniwekea chai na viazi vitamu. Akaniambia, "Wewe ndio mtu wa kwanza kuja kutuona tangu yale mambo. Siku hizi hata kanisani tunakaa nyuma." Mzee alikuwa amelala mchana, kitu ambacho mke wake alisema hakuwahi kufanya. Nilikunywa hiyo chai. Nikaaga, nikatoka bila kusema neno, na yule mama akanisindikiza mpaka barabarani akiniombea baraka.

Kutoka hapo nikaenda Kitale kwa anti. Nilimweleza yote nikilia. Akasema, "Hiyo maneno iishie hapa. Kwani mimi ndio nilitupa kwa mtaro? Walikunywa wao, wakatupa wao." Nikamwambia, "Anti, mzee wa watu amefunga." Akaangalia pembeni. Ndio akaniambia zile shule zimempigia simu yeye, na ameshakubali. Ameajiri wamama wengine wawili, mmoja ni mjane. "Ukiongea," akasema, "uende ukawaambie hao pia warudi nyumbani."

Sasa mzee amepeleka malalamiko kwa chifu, na Wafula ameitwa Ijumaa aeleze aliharibu jina la mtu kwa ushahidi gani. Wafula haogopi. Jana alipita saluni akaniambia, "Wewe ndio utaongea, kwa sababu wewe ndio ulipanga chupa. Nakuamini."

Nikisema ukweli, nitakuwa nimemwangusha mwanamke aliyenifanya kuwa mtu, na kazi yetu yote ya mtaro itaonekana ya waongo. Nikinyamaza, Wafula ataitwa mwongo kwa niaba yangu, na yule mzee ataendelea kulala mchana.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, Ijumaa nikisimama mbele ya chifu, niseme nini? Niambieni, na msinihurumie.